Jinsi msanii wa Masalani anavyoweza kuandika ombi la ruzuku lenye uzito

MSANII anayeishi Masalani, mji ulio karibu na Mto Tana katika eneo la Ijara, Kaunti ya Garissa, anatenganishwa na mwenzake wa Nairobi na mambo mawili. La kwanza ni umbali. Afisi nyingi za wafadhili wa sanaa, zikiwemo Goethe-Institut, Alliance Française na HEVA, shirika lililoanzishwa mwaka wa 2013 kugharamia biashara za ubunifu, ziko jijini. La pili halizungumzwi sana, nalo ni karatasi. Ruzuku haipewi utungo wala mkeka. Hupewa maandishi yanayoueleza utungo na mkeka huo kwa mtu ambaye hajawahi kuuona na pengine hatauona kamwe.

Waama, si sanaa inayokosekana. Katika jamii ya Wasomali, wanaume wana gabay, mashairi marefu yanayofungwa kwa sauti moja inayorudiwa kutoka mshororo wa kwanza hadi wa mwisho. Wanawake wana buraanbur, utungo wao wenyewe unaoghaniwa arusini na katika hafla nyinginezo, na vijana wana dhaanto, ngoma inayochezwa na wavulana na wasichana. Ni wanawake pia wanaosuka mikeka ya aqal, ile nyumba ya kuhamishika inayobebwa na ngamia, na haan, chombo cha kuhifadhia maziwa. Katika msitu ulio upande wa mashariki wanaishi Waaweer, ambao wengi huwaita Waboni, mabingwa wa kurina asali. Kando ya mto wako Wapokomo, ambao wimbo wao wa kubembelezea watoto ndio uliotoa lahani ya Wimbo wa Taifa mwaka wa 1963.

Hata hivyo, utajiri huo hauonekani katika orodha zinazoheshimiwa duniani. Kenya iliridhia mwaka wa 2007 mkataba wa UNESCO wa 2003 wa kuhifadhi urithi wa utamaduni usioshikika. Kufikia 2019, urithi wa aina nne kutoka humu nchini ulikuwa umeingizwa katika orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa kwa dharura: mila za Kaya za Wamijikenda (2009), ngoma ya Isukuti ya Waisukha na Waidakho (2014), sherehe tatu za rika za Wamaasai (2018) na desturi za Kit Mikayi huko Kisumu (2019). Kaskazini Mashariki haimo. Pengo hilo haliwezi kuelezwa kwa uhaba wa urithi. Kuingia katika orodha hizo ni kazi ya kuandika, kama ilivyo kupata ruzuku, na wanaofanikiwa ni wale walioizoea kazi hiyo au walio na mtu wa karibu aliyeizoea.

Wakati huohuo, wanaojua tungo ndefu kwa moyo wanazeeka. Kila ombi linalokataliwa kwa kasoro ya karatasi ni mwaka mwingine unaopita bila sauti zao kunaswa.

Kabla ya fomu

Aghalabu, kosa linalomwangusha mwombaji hutokea kabla hajaandika neno. Huona tangazo, akaangalia kiwango cha fedha na tarehe ya mwisho, kisha akaanza kujaza. Anachopaswa kukitazama kwanza ni nani anayeruhusiwa kuomba.

Mfano mzuri ni Mfuko wa Kimataifa wa Anuwai za Kitamaduni, ulioundwa chini ya mkataba mwingine wa UNESCO, ule wa 2005. Mfuko huo umekuwa ukitoa hadi dola 100,000 za Marekani kwa mradi mmoja, kiasi kinachozidi Sh12 milioni. Fedha hizo haziendi kwa mtu binafsi. Waombaji ni taasisi za umma na mashirika yasiyo ya kiserikali, na maombi huchujwa kwanza na tume ya taifa ya UNESCO ya nchi husika kabla ya kufikia wataalamu wa kimataifa. Fomu hujazwa kwa Kiingereza au Kifaransa. Mtunzi mmoja wa buraanbur akiketi saiba kwa wiki nzima kuijaza atakuwa amepoteza fedha na muda wake, hata akiandika kwa ufasaha wa ajabu. Njia iliyo wazi kwake ni kujiunga na shirika lililosajiliwa, au kutafuta ruzuku ndogo zinazowalenga wasanii mmoja mmoja.

Ndiyo maana usajili ni sehemu ya sanaa, ijapokuwa wasanii wengi huuona kama usumbufu. Chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022, kikundi chenye watu wasiopungua 10 kinaweza kusajiliwa kupitia idara ya maendeleo ya jamii. Kinahitaji katiba, orodha ya wanachama, na muhtasari wa mkutano ulioafiki kuanzishwa kwake. Wanaotaka kuwa shirika kamili hufuata Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ya 2013, iliyokaa kabatini kwa zaidi ya miaka 10 hadi ilipoanza kutumika Mei 2024. Kwa kikundi cha wafumaji, hatua ya kwanza inatosha kabisa. Kikisha kusajiliwa, kifungue akaunti ya benki yenye waweka sahihi watatu, kichukue nambari ya PIN ya ushuru, na kiandike muhtasari wa kila mkutano, hata wa nusu saa chini ya mti. Mfadhili anapouliza kama kikundi kina uwezo wa kusimamia fedha, daftari la mihtasari ya miaka miwili hujibu vyema kuliko aya tatu za kujisifu.

Fauka ya hayo, fedha nyingine ziko karibu kuliko inavyodhaniwa. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 lilizipa serikali za kaunti jukumu la shughuli za kitamaduni, na kikundi kina haki ya kuuliza katika vikao vya kukusanya maoni ya umma juu ya bajeti ni kiasi gani kimetengewa kazi hiyo. Kuna Hazina ya Michezo, Sanaa na Maendeleo ya Jamii, iliyoundwa 2018. Wakati wa janga la korona, Aprili 2020, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza Sh100 milioni za kuwakimu wasanii. Fedha za namna hiyo hutangazwa ghafla na huwafikia walio na hati tayari. Asiye na cheti siku ya tangazo hana muda wa kukitafuta.

Kiini cha ombi

Baada ya hapo ndipo uandishi wenyewe unapoanza. Karibu kila fomu, iwe ya kurasa mbili au 20, huuliza mambo yaleyale: kuna tatizo gani, nani ataathirika, mtafanya nini, lini, kwa gharama gani, na mtajuaje kwamba mmefaulu. Maombi dhaifu hujibu maswali hayo yote kwa sentensi moja ambayo ingeweza kuandikwa na kikundi chochote barani Afrika. Tuchukue sentensi hii: "Lengo letu ni kukuza na kuhifadhi utamaduni wetu tajiri na kuwawezesha vijana na akina mama." Haina uongo ndani yake, lakini haisemi lolote. Jopo linalosoma maombi 300 limekwisha kuiona mara 200.

Tuseme sasa kikundi cha kubuni cha wanawake 20 wa Masalani kimeandika hivi: "Katika kata yetu tumewahesabu wanawake sita wanaojua kusuka mkeka kamili wa aqal. Mdogo wao ana miaka 58. Familia zilizohamia mjini zimejenga nyumba za mabati na hazihitaji tena aqal, kwa hiyo hakuna binti aliyefundishwa kazi hii kwa miaka 15. Tunataka mafundi hao sita wawafundishe wasichana 18 kwa siku 40, na tungo wanazoimba wakisuka zinaswe na kuandikwa." Hapo msomaji anaona watu. Anaweza kuwahesabu, na mwaka ukiisha anaweza kuuliza wasichana wangapi kati ya wale 18 wamemaliza mkeka. Kikundi hakikuhitaji msamiati wa wataalamu. Kilihitaji kwenda nyumba kwa nyumba na kuhesabu, kazi ya siku tatu ambayo haigharimu chochote.

Hesabu hizo lazima ziwe za kweli. Mwombaji anayeandika "maelfu ya vijana watanufaika" katika mji mdogo hujifungia mlango, kwani jopo hujua kuwa kikundi cha watu 20 hakiwezi kuwafikia maelfu. Mradi mdogo unaoaminika hupewa alama nyingi kuliko mradi mkubwa unaotiliwa shaka.

Mfano wa namna ya kueleza kinachoweza kupotea unapatikana ng'ambo ya mpaka. Mwaka wa 1988, mji wa Hargeisa uliposhambuliwa kwa mabomu na serikali ya Siad Barre, wafanyakazi wa redio na wapenzi wa muziki walifukia kanda za nyimbo ardhini na kuzisafirisha nyingine nje ya nchi ili zisiangamie. Miaka mingi baadaye kanda hizo zilikusanywa, na leo Kituo cha Utamaduni cha Hargeisa kinahifadhi maelfu yake. Baadhi ya nyimbo zilizookolewa zilitolewa katika albamu mwaka wa 2017, nayo ikateuliwa kuwania tuzo ya Grammy ya 2019 katika kitengo cha albamu za kihistoria. Anayesoma kisa hicho haulizi kwa nini kanda zihifadhiwe. Ijara haina kisa cha kanda zilizofukiwa, na haifai kubuni kimoja. Ina ukame wa 2020 hadi 2023, ambapo misimu mitano ya mvua ilifuatana bila mvua ya kutosha na mifugo ikafa kwa wingi. Kikundi kinachoweza kuonyesha jinsi kifo cha ngamia kilivyoua pia utungo wa kumsifu ngamia, au soko la haan, kina jambo zito la kumwambia mfadhili.

Ni ya nani?

Swali ambalo waombaji wengi hulipuuza ni la umiliki. Sheria ya Kulinda Maarifa ya Jadi na Sanaa za Kitamaduni ya 2016 inataka wenye maarifa hayo watoe idhini wakiwa wamearifiwa kikamilifu kabla ya mtu mwingine kuyatumia, na inazipa serikali za kaunti wajibu wa kuweka rejista yake. Ombi la kunasa tungo za wazee ambalo halielezi nani ametoa idhini lina kasoro ya kisheria, si ya adabu tu.

Idhini yenyewe haiwi ya neno moja. Mwanamke anaweza kukubali sauti yake inaswe ili wajukuu waisikie, lakini asikubali ipelekwe redioni au katika mtandao. Mwingine atakubali jina lake litajwe, wa tatu atakataa. Katika jamii ya Kiislamu inayojali sana staha, tofauti hizo ni kubwa, na mradi unaozipuuza unaweza kuvunjika katikati, fedha zikiwa zimekwisha kutumika. Ni heri fomu ya idhini iandikwe kwa Kisomali, isomwe kwa sauti, na iwe na nafasi ya kuchagua: kuhifadhi tu, kufundishia, au kutangaza.

Majirani wa ng'ambo ya mto wanaujua uchungu wa kutoulizwa. Ngadji, ngoma takatifu ya Wapokomo, ilichukuliwa na maafisa wa kikoloni wa Uingereza mwanzoni mwa karne ya 20 na kuishia katika ghala la British Museum, London. Kikundi cha Kisomali au cha Waaweer kinapoandika kwamba rekodi zake zitabaki kwa jamii, nakala moja Masalani na nyingine mahali salama kwingine, kinajibu hofu halisi ambayo wafadhili wa leo pia wanayo.

Bajeti ndiyo sehemu inayosomwa kwa makini kuliko zote, na mara nyingi husomwa kwanza. Kwa kikundi chetu cha kubuni, hesabu inaweza kwenda hivi. Mafundi sita wakilipwa Sh1,500 kwa siku kwa siku 40, hizo ni Sh360,000. Malighafi, yaani miyaa ya mkoma, nyuzi, ngozi na rangi, Sh90,000. Kinasa sauti na diski mbili za kuhifadhia, Sh85,000. Usafiri wa kuwatafuta mafundi na waimbaji Hulugho, Sangailu na Kotile, Sh75,000. Kuandika na kutafsiri saa 20 za sauti kwa Sh3,500 kila saa, Sh70,000. Chakula cha mchana siku za mafunzo, Sh60,000. Jumla ni Sh740,000. Ikiongezwa asilimia tano ya dharura, yaani Sh37,000, inafika Sh777,000.

Bei hizo ni za mfano, na kila kikundi kitafute zake kwa kuuliza madukani na kuhifadhi karatasi za bei. La muhimu ni kwamba kila shilingi inarejea kwenye shughuli iliyotajwa katika maelezo. Kama maelezo yanazungumzia mafunzo na bajeti ina runinga, jopo litaiona runinga. Vilevile, malipo ya mafundi yasionewe haya. Wasanii wengi hujiondoa katika bajeti zao wenyewe wakidhani unyenyekevu utawapendekeza, ilhali mfadhili makini hujiuliza kazi itafanywaje na watu wasiolipwa. Mchango wa kikundi, kama vile ukumbi wa bure na saa za wanachama, uandikwe pia kwa thamani yake, katika safu ya kando.

Kalenda ndiyo inayofichua kama mwombaji anapajua anapoishi. Mvua za Machi hadi Mei na zile za Oktoba hadi Desemba hukata barabara za Garissa. Novemba 2023, na tena Aprili 2024, mafuriko ya Mto Tana yaliifunika barabara kuu karibu na mji wa Garissa, watu wakavuka kwa mashua. Ramadhani nayo huja mapema zaidi kwa siku 10 au 11 kila mwaka ikilinganishwa na kalenda ya Miladia, na haifai kuipangia mafunzo ya mchana kutwa. Kuna pia suala la usalama: tangu Septemba 2015, msitu wa Boni umekuwa eneo la operesheni ya vikosi vya serikali, na safari za kuwafikia Waaweer hazipangwi kiholela. Mwombaji anayeandika "hakuna hatari yoyote" katika kisanduku cha hatari hupoteza alama za bure. Anayetaja mvua, mwezi wa saumu na usalama, kisha akaeleza miezi atakayofanyia kazi na atakachofanya barabara ikifungwa, huonekana kuwa msimamizi.

Kuhusu lugha, dhuluma ipo na haina haja ya kufunikwa. Kifungu cha Saba cha Katiba kinakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na lugha rasmi pamoja na Kiingereza, lakini fomu nyingi za ruzuku nchini hazikitambui. Mtunzi anayeweza kupanga gabay la mishororo 100 bila kuteleza huhukumiwa kwa Kiingereza cha kidato cha pili. Hadi hilo libadilike, njia bora ni kuandika kwanza kwa lugha ambamo kazi yenyewe hufikiriwa, Kisomali au Kiswahili, kisha kutafsiri. Maandishi yaliyoanzia kwenye Kiingereza cha kuazima huleta sentensi tupu kama ile iliyotajwa awali. Tafsiri ikikamilika, isomwe kwa mafundi kwa lugha yao kabla ya kutumwa. Wao ndio watakaosema, "Hapana, mkeka huo hauishi kwa siku nne."

Siku hizi wapo wanaokabidhi fomu nzima kwa programu za akili unde. Programu hizo husaidia kusahihisha sarufi na kufupisha. Zikiachiwa kubuni maelezo, hutoa lugha laini isiyo na Masalani ndani yake, na wasomaji wa maombi wameanza kuitambua. Wapo pia madalali wanaodai asilimia ya ruzuku ili waandike ombi, au wanaotaka "ada ya kushughulikia". Mfadhili wa kweli aghalabu hamtozi mwombaji fedha ili alipokee ombi lake. Kumlipa mwandishi ada iliyokubaliwa kwa kazi aliyoifanya si kosa; kumwahidi sehemu ya fedha ambazo bajeti imezitenga kwa mafundi ni kosa, na huweza kukizuia kikundi kupata ruzuku nyingine.

Ombi likikataliwa, na mengi hukataliwa, kikundi kiandike barua fupi ya heshima kuomba maoni ya jopo. Si wote wanaojibu, ila wanaojibu huwa wametoa bure somo ambalo warsha za Nairobi hulitoza maelfu. Nakala ya kila ombi ihifadhiwe, kwa kuwa sehemu kubwa yake itatumika tena kwa mfadhili mwingine.

Likikubaliwa, kazi ya karatasi inaanza upya. Ruzuku nyingi hutolewa kwa awamu, na awamu ya pili hungoja ripoti ya ya kwanza. Risiti za mashine hufifia upesi kwa joto la Ijara. Zipigwe picha kwa simu siku ileile, na nyuma ya kila moja iandikwe kwa kalamu nani alinunua, nini, na kwa shughuli ipi.